Ugumu wa springi kwa gari ya barabarani na ya uwanjani: maswali yanayoulizwa mara kwa mara Unguja na Pemba

Maswali haya nimeyaokota kwenye gereji za Mwanakwerekwe na Amani, kwenye foleni ya kupakia gari melini pale Malindi, na kwenye simu za usiku kutoka Chake na Wete. Wanaouliza wanafanana: ana gari moja tu. Siku za wiki inampeleka kazini na kuwachukua watoto madrasa, na siku chache kwa mwaka anataka kuipeleka mbio kwenye uwanja uliofungwa, mara nyingi kwa kuivusha Bara. Nimeandika kwa ajili ya gari ya namna hiyo. Mwenye gari ya mbio tupu, inayobebwa juu ya trela, mahitaji yake ni mengine.

## Mambo ya mwanzo

Ugumu wa springi ni nini hasa?

Ni nguvu inayotakiwa kuibana springi kwa milimita moja. Springi ya kilo 4 kwa milimita ukiitwika kilo 40 inajibana milimita 10. Ukiitwika kilo 80 inajibana milimita 20. Rangi yake haikwambii kitu, wala urefu wake. Nimeshika springi fupi, nyekundu, za kuvutia, ambazo zilikuwa laini kuliko zile nyeusi za kiwandani zilizotolewa.

Kinachoamua ugumu ni unene wa waya, upana wa duara na idadi ya mizunguko iliyo huru kujibana. Chuma chenyewe hakitofautiani sana kati ya springi na springi. Unene wa waya ndio wenye sauti kubwa, kwa sababu unaingia kwenye hesabu kwa kipeo cha nne. Waya wa milimita 12 ukiubadilisha kwa wa milimita 13, kila kitu kingine kikibaki vilevile, springi inakuwa ngumu zaidi kwa karibu asilimia 38. Milimita moja tu! Ndiyo maana kukisia kwa jicho hakufai.

Kilo, niutoni, paundi: nifuate kipimo gani?

Chochote, ila usichanganye. Springi za Kijapani huandikwa kilo kwa milimita, za Ulaya niutoni kwa milimita, za Marekani paundi kwa inchi. Kilo 1 kwa milimita ni sawa na niutoni 9.81 kwa milimita, au karibu paundi 56 kwa inchi. Kwa hiyo springi iliyoandikwa 450 ya Kimarekani ni kama kilo 8 za Kijapani.

Si kweli kwamba springi ikiwa ngumu gari inashika barabara zaidi?

Hili ndilo swali ninaloulizwa kuliko yote, na ndilo lililowaharibia watu gari nyingi.

Tairi ndiyo inayoshika barabara. Kazi ya springi ni kuifanya tairi isiachane na lami, na kulizuia bodi lisilale kupita kiasi kwenye kona. Juu ya lami laini kama meza, springi ngumu inasaidia kweli: gari inaitika usukani upesi, haizami pua unapofunga breki, na tairi inabaki imesimama wima badala ya kukanyagia ukingo. Lakini lami ikiwa na viraka, springi ngumu mno inairusha tairi hewani, na tairi iliyo hewani haishiki kitu.

Tena, uzito unaohamia upande wa nje wa kona haupungui kwa kuweka springi ngumu. Unategemea ukali wa kona, kimo cha uzito wa gari na upana kati ya tairi. Springi zinachoweza ni kugawa: tairi za mbele zibebe kiasi gani, za nyuma kiasi gani. Ukikaza mbele peke yake, gari inakuwa nzito kugeuka, pua inakwenda moja kwa moja wakati wewe unakata usukani. Ukikaza nyuma peke yake, mkia unataka kukupita.

## Kuipata namba yako

Rafiki yangu ana Altezza imefungwa kilo 8, inatembea vizuri sana. Nami nifunge kilo 8 kwenye gari yangu?

Nilifanya hivyohivyo. Gari yangu ya wakati ule ilikuwa Impreza yenye shokapu zilizosimama ndani ya springi, na niliiga namba ya Altezza ya mwenzangu. Siku ya pili nikampeleka mama Makunduchi. Njia nzima alishika mpini wa mlango, hakusema neno, na tulipofika akaniambia: "Mwanangu, mimi n'tarudi na daladala." Alikuwa na mgongo unaomuuma, nami nilijua. Nilizitoa springi zile wiki ileile.

Kosa halikuwa la springi. Springi haiko kwenye tairi, iko ndani zaidi, na tairi ikipanda milimita 10 springi inaweza kujibana 7 tu. Kwenye gari yenye mikono miwili, wa juu na wa chini, kama Altezza au Mark II, springi inakaa katikati ya mkono na tairi inaishinda kwa nyenzo. Kwenye gari ambayo springi inazunguka shokapu iliyofungwa kwenye kitovu cha gurudumu, springi inakwenda karibu sawa na tairi.

Kupima ni rahisi kwa fundi yeyote mwenye subira. Toa springi, weka gari juu ya stendi, nyanyua gurudumu kwa jeki milimita 50, kisha pima viti vya springi vimekaribiana kiasi gani. Vikikaribiana milimita 35, uwiano ni 0.7. Uwiano huo unazidishwa kwa wenyewe, 0.7 mara 0.7, unapata 0.49. Maana yake tairi inahisi chini ya nusu ya ugumu ulioandikwa kwenye springi.

Kwa uwiano huo, kilo 8 za rafiki yako, kwenye tairi, ni kama kilo 3.9. Kwenye gari yangu, yenye uwiano wa karibu 0.95, kilo 8 zilikuwa kilo 7.2 kwenye tairi. Maandishi yalikuwa yaleyale, ila gari yangu ilikuwa ngumu karibu mara mbili ya yake.

Basi nianzie wapi?

Anzia kwenye mdundo wa gari. Bodi lililokaa juu ya springi lina mdundo wake wa asili, mara kadhaa kwa sekunde, kama dhow iliyofungwa gatini inavyopanda na kushuka. Gari ya kawaida ya familia hudunda kati ya mara 1 na mara 1.5 kwa sekunde. Gari ya barabarani yenye tabia ya mbio ni 1.5 hadi 2. Gari ya uwanjani isiyo na mabawa ya kuikandamiza ni 2 hadi 2.5. Zenye mabawa makubwa hupita 3, na hizo tuwaachie wenyewe.

Kisha unahitaji uzito unaobebwa na kila springi. Pima gari kwenye mizani kama unaweza, toa uzito wa magurudumu, breki na mikono, kwa sababu hivyo havibebwi na springi. Gari ya kilo 1,350 na dereva wake hubakisha takriban kilo 300 kwa kila kona ya gari, yaani kila gurudumu. Kwa kilo 300 hizo, namba kwenye tairi zinatoka hivi: mdundo wa 1.3 unataka niutoni 20 kwa milimita, yaani kilo 2. Mdundo wa 1.8 unataka niutoni 38, yaani kilo 3.9, mdundo wa 2.2 unataka niutoni 57, yaani kilo 5.8. Ukitaka kufanya hesabu mwenyewe: zidisha mdundo kwa 6.28, uzidishe jibu kwa lenyewe, kisha uzidishe kwa uzito wa kona kwa kilo. Unapata niutoni kwa mita. Gawa kwa 1,000.

Hapo ndipo unagawa kwa uwiano uliouzidisha kwa wenyewe (tazama swali lililotangulia). Kwa niutoni 38 kwenye tairi, gari ya uwiano 0.7 inataka springi ya niutoni 78, karibu kilo 8. Gari ya uwiano 0.95 inataka niutoni 42, kilo 4 na kitu. Zote mbili zitapanda tuta la Jozani kwa namna moja.

Wewe ungechagua mdundo gani kwa gari inayoishi Zanzibar?

Kati ya 1.6 na 1.8, sizidishi. Uwanjani utapoteza kidogo mbele ya mwenye 2.2, sikatai. Lakini mwenye 2.2 akiwa hapa mjini anaendesha kwa hofu, anakwepa kila kiraka, anaingia upande wa bodaboda. Gari inayomfanya dereva atazame mashimo badala ya watu si salama, hata ikiwa na kasi gani uwanjani.

Mbele na nyuma ziwe sawa?

Ugumu ulioandikwa hauwezi kuwa sawa kwa sababu uzito na uwiano hutofautiana. Linganisha midundo. Kwa barabarani, nyuma iwe na mdundo wa juu kidogo, asilimia 10 hadi 15. Sababu ni kwamba tairi za mbele zinapiga tuta kwanza. Gari ya urefu wa mita 2.6 kati ya ekseli, ikienda kilomita 60 kwa saa, nyuma inafika kwenye tuta lilelile sehemu ya sita ya sekunde baadaye. Nyuma ikiwa na haraka zaidi, inaifikia mbele na gari inatulia mara moja badala ya kuyumba kama mashua. Mhandisi Maurice Olley alilieleza jambo hili miaka ya 1930, na bado ni kweli.

Uwanjani wengine hugeuza, wakaweka mbele juu zaidi, kwa kuwa wanatafuta usukani unaoitika, si starehe. Kwa gari ya kazi mbili fuata ya barabarani, kisha rekebisha tabia ya kona kwa stabilaiza, ile fimbo inayounganisha gurudumu la kushoto na la kulia ili bodi lisilale.

## Barabara zetu

Matuta yananimaliza. Niweke springi laini au ngumu?

Swali la kwanza ni je, una nafasi ya kujibana? Kwenye fimbo ya shokapu kuna mpira wa kugotea. Gari ikishushwa sana, mpira huo unabaki milimita 20 au 30 tu kutoka mwisho. Hapo hata springi laini kuliko zote itakupiga mgongoni, kwa sababu kila tuta unaangukia mpira, na mpira ukibanwa ugumu wake unaruka ghafla. Watu wengi wanaolalamikia springi ngumu wanalalamikia mpira.

Kwa barabara zetu nataka milimita 60 zilizo huru kabla ya mpira, gari ikiwa imesimama na dereva ndani. Funga uzi kwenye fimbo ya shokapu, au kibanio kidogo cha plastiki, endesha wiki moja njia zako za kawaida, kisha angalia kimesukumwa hadi wapi. Kikifika kwenye mpira kila siku, ama nyanyua gari ama ongeza ugumu kidogo. Matuta ya Jozani ni kipimo kizuri cha hili. Yaliwekwa kuwalinda kima punju, na tafadhali yapite polepole kwa ajili yao kwanza, springi baadaye.

Niko Pemba. Kuna tofauti?

Ipo. Unguja sehemu kubwa ni tambarare; Pemba ni vilima na mabonde, kona moja haijaisha nyingine imeanza. Kwenye mteremko wenye kona uzito unakimbilia mbele, na gari ya mbele laini inazama pua wakati unapokata. Kwa mwenzangu wa Pemba ninausogeza mdundo wa mbele karibu na 1.7, na wa nyuma nauacha ule ule wa juu kidogo. Njia za fusi za kuingilia vijijini ni sababu ya kutoshusha gari, wala si sababu ya kulainisha springi.

Masika je?

Lami ikilowa mshiko unapungua, uzito unaohama nao unapungua, na gari ngumu inakosa onyo: inashika, inashika, halafu imekwenda. Mwenye shokapu za kurekebishwa alegeze alama moja au mbili mvua zikianza Machi, kisha arudishe zikikatika. Springi usiziguse. Na tairi zilizokwisha hazitibiwi na springi yoyote.

Ijumaa nabeba familia nzima hadi Nungwi. Springi za mbio zitavumilia?

Hapa springi ngumu kiasi ni rafiki yako. Abiria watatu nyuma na mizigo huweza kuongeza kilo 80 kwa kila tairi ya nyuma. Kwa niutoni 20 kwenye tairi, nyuma inashuka milimita 39. Kwa niutoni 38 inashuka 21. Ila hesabu nafasi ya kujibana ukiwa umepakia, si ukiwa peke yako.

## Shokapu, kukata na mtumba

Nikibadilisha springi lazima nibadilishe shokapu?

Ukiongeza ugumu kwa robo, shokapu nzuri za kiwandani kwa kawaida zinamudu. Ukizidi hapo, hapana. Kutoka niutoni 20 kwenda 38, shokapu inatakiwa iwe na nguvu zaidi kwa karibu asilimia 38 ili bodi litulie kama mwanzo. Dalili utaiona mwenyewe: baada ya tuta gari inadunda mara ya pili, ya tatu, hata ya nne. Wengi wanadhani hapo springi ni laini, wanaenda kununua ngumu zaidi, na mdundo unazidi.

Bajeti ikiwa ndogo, nunua shokapu nzuri kwanza na uache springi za kiwandani. Gari yenye shokapu nzima na springi laini inaishinda gari yenye springi za mbio juu ya shokapu zilizokufa, barabarani na uwanjani.

Fundi amesema atakata mzunguko mmoja, gari itashuka na kuwa ngumu. Ni kweli?

Kweli, na bado nakuomba usikubali. Springi ya mizunguko sita inayofanya kazi, ikikatwa ikabaki mitano, inaongezeka ugumu kwa asilimia 20. Lakini imepoteza urefu mwingi kuliko ugumu ilioupata, kwa hiyo unaangukia mpira (tazama swali la matuta). Na ncha iliyokatwa haikai vizuri kwenye kiti chake. Gurudumu likining'inia, springi inalegea na inaweza kuchomoka.

Na kuchoma kwa gesi ili ikae chini?

Hapana kabisa. Springi imepewa uimara wake kwa moto na kupozwa kwa kipimo kiwandani. Ukiichoma hadi ikawa nyekundu, umeifuta kazi hiyo. Itaendelea kuzama, na siku moja itakatika ukiwa na watu ndani.

Nimepata springi za mtumba zisizo na maandishi. Nitajuaje ugumu?

Pima unene wa waya kwa kalipa baada ya kukwangua rangi. Pima upana wa duara kutoka katikati ya waya hadi katikati ya waya wa upande wa pili. Hesabu mizunguko isiyolalia kiti. Waya wa milimita 12, duara la milimita 120 na mizunguko mitano huleta karibu niutoni 23.5 kwa milimita, yaani kilo 2.4. Hesabu yenyewe: unene kwa kipeo cha nne mara 78,500, gawa kwa 8, gawa kwa duara kwa kipeo cha tatu, gawa kwa mizunguko, vipimo vyote vikiwa milimita. Mizunguko ikiwa imebanana upande mmoja na kuachana upande mwingine, hesabu hii itakudanganya, kwa kuwa springi hiyo inaanza laini na kumalizia ngumu.

## Yanayotokea mara chache

Nikikaza nati ya koilova (shokapu iliyozungukwa na springi, yenye nati ya kupandisha na kushusha kiti chake), springi inakuwa ngumu zaidi?

Kwa springi ya ugumu mmoja, hapana. Kilo 6 inabaki kilo 6. Unachofanya ni kuinyanyua gari. Anayehisi imekuwa ngumu mara nyingi ameondoa nafasi ya gurudumu kushuka, kwa hiyo kila shimo linamvuta bodi kwenda chini.

Nikinyanyua gari kwa jeki springi zinacheza huru. Nina tatizo?

Springi ngumu hujibana kidogo chini ya uzito. Kwa kilo 300, niutoni 20 kwenye tairi hujibana milimita 147, lakini niutoni 57 hujibana 52 tu. Gurudumu likishuka zaidi ya hapo, springi haina kinachoishika. Fundi anaongeza springi ndogo dhaifu juu yake, kazi yake ni kuishikilia tu isitoke mahali pake. Isiachwe bila hiyo.

Nafika uwanjani gari inasukuma pua. Nibadilishe springi?

Si siku hiyo. Anza na upepo wa tairi: badilisha kidogo mbele, zunguka mara tatu, sikiliza. Kisha stabilaiza ya nyuma ikaze tobo moja kama inarekebishika. Kisha shokapu. Springi ni ya mwisho, nyumbani, ukiwa umeandika ulichohisi kwenye kila kona.

Springi yangu imekatika mzunguko wa chini bila kupiga shimo. Kwa nini?

Chumvi. Upepo wa bahari unailetea gari kutu hata isiyofika ufukweni, na mchanga uliolowa unakaa kwenye kiti cha chini cha springi, ukiikwangua rangi kila inapojibana. Kutu inachimba vishimo, na nyufa zinaanzia kwenye vishimo hivyo. Springi ngumu iliyoshushwa inafanya kazi kwa mkazo mkubwa, kwa hiyo haisamehi. Baada ya Paje au Kiwengwa mwagia maji baridi ya bomba kwenye viti vya springi, si kwenye bodi tu. Kila unapobadilisha mafuta ya injini, vua gurudumu, pitisha kidole mzunguko wa chini. Rangi ikibanduka kama ganda, toa springi hiyo na mwenzake wa upande wa pili, na usiivushe gari Bara kwa mbio mpaka zote mbili ziwe mpya.